Siku Arobaini na Tatu Nje ya Pango

Lavonne Hofer aliwatembeza watu pangoni kwa miaka thelathini na moja. Alishuka nao kwa lifti, akawapitisha kwenye ngazi na vijia vyembamba, akawaambia wainame pale pa kuinama, na walipofika ukumbi mkubwa akazima taa zote ili waone giza lenyewe lilivyo. Hapa kwetu, kwenye vilima vya magharibi mwa Dakota Kusini, karibu kila nyumba ina mtu aliyewahi kufanya kazi kwenye hifadhi ya taifa ya pango hilo. Lakini ukisema "yule mama wa pangoni," hakuna atakayekuuliza yupi.

Mimi naitwa Bernadine. Mkahawa wa njia panda, maili mbili kutoka lango la hifadhi, ni wangu, na kila Jumatano kwa miaka yote hiyo Lavonne alikula kwangu chakula cha mchana: mchuzi wa nyama ya kusaga na maharage, mkate wa mdalasini pembeni. Ninachosimulia hapa nilikiona mwenyewe, na kile ambacho sikukiona nilisimuliwa na waliokuwepo.

Mwaka ule alikuwa na miaka sitini na sita, na goti lake la kulia lilikuwa limekwisha. Daktari wa Rapid City alishamwambia waziwazi: tarehe tisa Desemba tunakuwekea goti la bandia, na baada ya hapo kutambaa mapangoni uache. Basi akapanga mambo yake kama mtu anayefunga mzigo. Tarehe thelathini na moja Oktoba angestaafu. Jumamosi ya tarehe ishirini na tano angefanya ziara yake ya mwisho na wageni, sisi marafiki tukiwemo. Na kabla ya yote hayo, tarehe kumi na nne, angekwenda Sebuleni.

Sebule haimo kwenye ziara za wageni. Ni chumba kilicho mbali ndani ya mwamba, saa nne za kutambaa na kujipenyeza kutoka mahali ngazi zinapoishia, na kwenye ramani ya serikali kina namba tu. Jina walikipa wao wawili, Lavonne na Duane. Duane alikuwa fundi wa matrekta, mtu mrefu mwenye mikono isiyotakata mafuta, na siku zake za mapumziko alijitolea kuchora ramani za pango. Februari ya mwaka tisini na tano walikuwa pamoja kwenye kundi la wachoraji, hawajazoeana bado, wakatangulia kwenye upenyo mmoja ambao hakuna aliyejua unakwenda wapi. Ukawatoa kwenye chumba chenye sakafu kavu na mawe mawili yaliyokaa kama viti. Wakakaa. Lavonne aliniambia kwamba walitambua wote kwa pamoja kuwa hakuna binadamu aliyewahi kuketi pale tangu dunia iumbwe, na Duane akasema, "Basi niwie radhi, sijafagia."

Mwaka uliofuata walioana. Wote wawili walikuwa wameshapita ujana, na watoto hawakupata. Kila miaka miwili vipimo vya joto na unyevu vilivyowekwa kule ndani vilihitaji betri mpya, na kila mara waliokwenda kuzibadilisha walikuwa wao. Duane alianguka shambani kwa kaka yake Julai ya mwaka mmoja, moyo ukasimama, na kama alivyotaka, majivu yake yalimwagwa kwenye upepo wa nyika. Hana kaburi. Lavonne aliendelea kwenda Sebuleni na wenzake wa kazini, mara mbili tangu afiwe, na kila mara alikaa kwenye jiwe lake dakika kumi, taa imezimwa.

Safari ya tarehe kumi na nne ingekuwa ya mwisho. Kibali kilishasainiwa.

Tarehe mosi Oktoba, Jumatano, aliingia mkahawani kabla hata sijawasha jiko la pili. Hakuwa na sare.

"Leo si una zamu?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nayo." Akavuta kiti. "Wametukusanya asubuhi, wakatugawia barua. Bajeti haijapita bungeni, serikali imefungwa. Kila mtu nyumbani. Usivae sare, usifungue barua pepe, usijitolee hata kufagia. Eti ukifanya kazi ya serikali bure wakati huu unavunja sheria."

"Hata kufagia?"

"Hata kufagia, Bernie. Nimeuliza."

"Watapatana wiki hii. Siku zote wanapatana."

"Mwaka elfu mbili na kumi na tatu ilifungwa siku kumi na sita. Ile nyingine ikawa thelathini na tano." Alikuwa ameshapiga hesabu. "Mimi nina siku kumi na tatu tu kabla ya Sebule."

Nikamwekea mchuzi wake, akaukoroga mpaka ukapoa.

Pale hifadhini walibaki watu watatu. Fundi wa pampu, maana maji yangeingia kwenye shimo la lifti, na askari wawili wa doria. Mmoja wa askari hao ni Garrett Sundvold, kijana wa watu, mkewe mjamzito. Alilazimika kuripoti kazini kila siku, bunduki kiunoni, bila mshahara, halafu jioni anakuja kwangu kuosha vyombo ili nyumbani wale. Nilipomuuliza hali, akacheka huku mikono imo kwenye povu.

"Kazini nipo, kwenye malipo sipo. Kama mjomba wangu kwa mke wake wa pili: kazi anafanya, shukrani hapati."

"Nyamaza wewe, sufuria hiyo haijatakata."

Wageni walizidi kuja, kwa sababu watu walioshatoka Ohio na magari yao hawageuki kwa habari ya redioni. Walikuta mnyororo langoni na karatasi imebandikwa. Kisha walishuka kwangu, wameudhika, na mimi ndiye niliyekuwa serikali yao kwa muda wa kikombe cha kahawa.

Tarehe kumi na nne nilimpelekea Lavonne keki ya matunda. Nikamkuta kibarazani, amevaa mavazi ya pangoni kamili: ovaroli ya zamani, pedi za magoti, kofia ngumu mapajani. Begi lilikuwa miguuni, limefungwa. Akaniona ninavyomtazama.

"Usiseme kitu. Nimeamka saa kumi na moja, nikajikuta nafungasha. Taa tatu, maji, dagaa wa kopo. Duane hakuwahi kwenda bila dagaa."

"Wewe hupendi dagaa."

"Siwezi hata kuwanusa." Akafungua begi, akatoa lile kopo, akalishika tu. "Najua watu wananiona mjinga. Mtu ana nyumba nzima ya kumkumbukia mumewe, viatu vyake viko hapo mlangoni. Lakini hapa nyumbani kila kitu nimekisogeza, Bernie. Nimefagia, nimepaka rangi, paka kachana kiti chake. Kule hakuna kinachosogea. Vumbi alilolikanyaga lina nyayo zake. Nikifika kule nahisi ametoka kidogo tu, anarudi."

Tukala keki, yeye na pedi zake magotini, mpaka jua likaondoka kibarazani.

Wiki ikapita, na nyingine. Wale wabunge wa Washington walipiga kura, wakashindwa, wakapiga tena. Ukumbi wa kanisa la Kilutheri ulifunguliwa kugawa vyakula, na niliwaona pale watu ambao mwaka uliotangulia ndio waliokuwa wakigawa. Renata Koch, mtaalamu wa pango ambaye ndiye angeandamana na Lavonne Sebuleni, alikaa nyumbani akijua kwamba betri za vipimo vyake zinakufa moja moja gizani. Vile vipimo vilikuwa vimeandika joto la pango kila saa kwa miaka kumi na tisa bila kukosa.

"Nina ufunguo, nina betri, nina miguu," aliniambia siku moja, akapiga kaunta kwa kiganja. "Kinachokosekana ni ruhusa ya kufanya kazi yangu."

Jumamosi ya tarehe ishirini na tano ikafika, siku ya ile ziara ya mwisho. Lavonne alikuja kwangu, akakaa pembeni na gazeti. Nilikuwa nimemwoka mikate ya mdalasini ya sherehe ambayo haipo. Mara basi likaegesha, wakashuka wazee ishirini na kitu kutoka Nebraska, wamefungiwa lango usoni, na mama mmoja mwenye fimbo akaanza kunifokea.

"Nilikuja hapa mwaka sabini na moja na marehemu dada yangu! Nimengoja miaka yote hii nirudi! Sasa mnaniambia pango limefungwa? Pango linafungwaje?"

"Mama yangu, mimi nauza kahawa tu," nikamwambia.

Gazeti likashuka kule pembeni. Lavonne akamtazama yule mama.

"Mwaka sabini na moja mlishuka kwa ngazi za mbao," akasema. "Lifti ilikuwa mbovu mwaka ule."

"Ndiyo! Wewe umejuaje?"

Lavonne akainuka, akaja mpaka meza ndefu ya katikati. Akasukuma sahani. Akachukua kopo la sukari, akaliweka mwisho wa meza. "Hii ni lifti." Akapanga vichupa vya chumvi na pilipili, akakunja vitambaa vya mezani vikawa kuta, akalaza visu viwili sambamba, karibu karibu. "Hapa ndipo njia inapokuwa nyembamba. Dada yako alikuwa mnene?"

"Mnene sana!"

"Basi hapa alipita ubavu, na akalalamika."

"Alitukana!" Yule mama akacheka, na wenzake wakasogea.

Akawatembeza. Sikuwahi kuona kitu kama kile. Kwa muda wa saa nzima aliwapitisha kwenye meza ile, ngazi kwa ngazi, akiwaambia wainame, na Mungu anisamehe, niliwaona wazee wakiinama kwenye viti vyao. Aliwaonyesha fuwele zilizoota ukutani kama theluji juu ya waya, na mahali dari linapotona tone moja kwa dakika. Walipofika ukumbi mkubwa, uliokuwa bakuli langu la saladi, akasema, "Sasa nazima taa. Fumbeni macho." Wakafumba wote. Na Garrett naye, aliyekuwa amepita kunywa kahawa, nikamwona mlangoni na sare yake, kofia mkononi, amefumba.

Lavonne peke yake alikuwa amefumbua macho, akiitazama ile meza.

Kisha akasema kwa sauti yake ya kazini, "Ahsanteni. Tazameni mnapokanyaga."

Wakampigia makofi. Mmoja akataka kumpa bakshishi, akakataa. "Nikipokea itakuwa kazi," akasema, "na kazi nimekatazwa." Akaenda chooni, akakaa huko muda mrefu.

Ijumaa, siku ya mwisho ya mwezi, akanipigia nimsindikize hifadhini. Alitaka kurudisha ufunguo. Alikuwa na ufunguo wa mlango wa zamani, ule wa chuma ulio bondeni, kwenye mdomo wa asili wa pango, na ofisini hapakuwa na mtu wa kuupokea. Tukaacha gari kwenye mnyororo, tukashuka kwa miguu saa tatu asubuhi, yeye akichechemea, hakuna hata mtu mmoja barabarani.

Pale mlangoni pana nondo, na hewa ilikuwa ikitoka ndani kwa nguvu. Lavonne akasimama, nywele zake zikapepea kwa nyuma. Akaweka kiganja kwenye nondo. Ufunguo ulikuwa kwenye mkono mwingine, na mkono ule ukaanza kupanda.

"Bi Lavonne." Ilikuwa sauti ya Garrett, juu yetu kwenye njia. "Tafadhali usinifanyie hivi."

"Sijakufanyia kitu."

"Ufunguo uko mkononi."

"Nimekuja kuurudisha."

"Unaurudisha kwenye kitasa?"

Garrett akateremka, akasimama karibu naye, akawa anatazama viatu vyake. Alikuwa amekonda. Kisha akasema polepole, "Nyati wamevunja uzio upande wa mashariki. Inabidi niende nikakague. Kwenda na kurudi kutanichukua muda wa kama saa tisa nzima. Kule siwezi kuona hapa."

Nilimtazama Lavonne, nikaona jinsi alivyotaka. Sijawahi kumwona mtu akitaka kitu namna ile.

"Mkeo anajifungua lini?" akauliza.

"Januari."

"Na kamera ile juu ya mlango bado inafanya kazi?"

Garrett akakohoa.

"Nimekuuliza."

"Inafanya."

Akamshika mkono, akamwekea ufunguo kiganjani, akavikunja vidole vyake juu yake kama mtu anavyompa mtoto sarafu. "Andika kwamba nimeurudisha leo. Nataka risiti."

"Fomu ziko ofisini, na ofisi..."

"Andika popote."

Akaandika nyuma ya karatasi ya faini ya kuegesha gari, akasaini, akamsalimu kwa saluti. Lavonne akaikunja, akaitia mfukoni. Ndivyo alivyostaafu.

Tarehe kumi na mbili Novemba usiku, wakapatana. Siku arobaini na tatu. Watu wakarudishwa kazini, mishahara iliyokwama ikaja, mnyororo ukaondolewa. Lavonne alisikia habari hiyo kama raia yeyote, akiwa jikoni kwake. Hakuwa tena mtumishi, na kibali chake kilikuwa kimepitwa na tarehe.

Renata ndiye aliyehangaika. Aliandika barua, akasukuma, akamwingiza Lavonne kwenye orodha ya watu wanaojitolea, na Jumamosi baada ya sikukuu ya Shukrani, siku kumi kabla ya upasuaji, waliingia pangoni wakiwa watatu, wao wawili na Garrett aliyekuwa na siku ya mapumziko. Nilishinda siku ile mkahawani nikitazama saa.

Walivyonieleza ni hivi. Saa tatu za kwanza Lavonne alikwenda vizuri, anatambaa kwa upande mmoja akiburuza mguu, anawatania wenzake kwa uzito wao. Kisha wakafika kwenye upenyo wa mwisho. Ni mwembamba, umelala kama tundu la kutumbukizia barua, na ili kuupita ni lazima ukunje goti la kulia chini yako na kujisukuma. Akajaribu. Akajaribu tena akiwa amelala chali. Mara ya tatu alipiga ukelele, na Garrett akamvuta miguu kumrudisha. Goti lilikuwa limevimba kama boga.

Sebule ilikuwa mbele yake kiasi cha urefu wa basi la shule.

"Tutakusukuma," Garrett akasema.

"Utanivunja, halafu mtahitaji watu arobaini kunitoa." Akaegemea mwamba, anahema. "Renata, wewe nenda. Badilisha betri zako."

Renata akapita. Walisikia kofia yake ikigonga mwamba, kisha sauti yake ikaja kupitia ule upenyo, karibu kabisa, kana kwamba yuko begani.

"Nimefika."

"Kipimo kiko kulia."

"Nakijua. Kimekufa tangu tarehe kumi na tisa Oktoba."

"Kibadilishe. Ukimaliza..." Akasogeza mdomo kwenye upenyo. "Ukimaliza, kuna mawe mawili. La kushoto ni langu. Kaa hapo. Zima taa, ukae dakika kumi. Usiseme kitu."

Na yeye akazima yake. Garrett akazima yake. Wakakaa katika giza lile, mmoja upande wa ndani na wawili upande wa nje. Garrett aliniambia kwamba alimsikia Lavonne akiongea kwa kunong'ona kwa muda wote ule, maneno ya kawaida tu, kuhusu paa la nyumba, paka, na trekta ambalo shemeji yake ameliuza, na kwamba aliziba masikio kwa heshima lakini maneno mengine yalipenya.

Renata aliporudi kwenye upenyo, uso wake ulikuwa umelowa. Wakadhani ni kwa ajili ya Lavonne. Akasema, "Kuna jambo nilitaka kukuambia tukitoka, lakini siwezi kungoja. Nimepata kazi Colorado. Kampuni ya maji. Naondoka Januari." Na akaongeza haraka, "Siwezi tena, Lavonne. Kukaa nyumbani nikingoja watu wasionijua waamue kama nina maana. Nimeshapitia mara mbili."

Lavonne alimtazama kwa muda, taa ya kichwani ikimulika kidevu cha mwenzake.

"Sasa betri zile," akasema, "miaka miwili ijayo nani atazibadilisha?"

Wakaanza kutambaa kurudi.

Walitoka jioni, theluji inaanguka. Kwangu walikula, na Lavonne aliweka mguu juu ya kiti, gotini barafu iliyofungwa kwa taulo. Nilipomuuliza ilikuwaje, akasema, "Nimefika mlangoni." Kisha akaomba mkate mwingine.

Goti walimwekea, na linakwenda vizuri. Mtoto wa Garrett alizaliwa, msichana. Nafasi ya Renata haijajazwa mpaka leo, na ziara ambazo zamani zilikuwa nne kwa siku sasa ni mbili. Tangu Aprili Lavonne anajitolea kwenye jengo la wageni, siku tatu kwa wiki, kwenye meza iliyo mkabala na lifti. Anawapa watu ramani, anawaambia wavae sweta. Kwa goti lile jipya angeweza kushuka nao kwenye ngazi, daktari alimruhusu, lakini bado hajashuka.

Juzi nilimpitia tukale mchana. Lifti ikapanda, mlango ukafunguka, wakatoka watu wanapepesa macho kwa mwanga, wa mwisho akiwa babu mmoja, vumbi mabegani. Lavonne akamwacha apite hatua mbili, kisha akamwita.

"Baba, samahani. Umefika mpaka ukumbini?"

"Nimefika."

"Wamezima taa?"

"Wamezima."

"Hebu njoo ukae hapa," Lavonne akasema, akamsogezea kiti. "Nieleze."